Mama wa watoto wanne alipopanda mimbarani



Mwezi uliopita, katika mkutano wetu wa siku ya nne, tulipomaliza hesabu ya likelemba, mama mmoja alitueleza neno lililomkaa rohoni. Kanisa lake lilikuwa limemwomba aongoze ibada ya wamama. Alifunga, akaomba, akaandika maneno yake katika daftari la mtoto. Siku ilipofika, mzee mmoja wa kanisa akamwambia asimame chini, karibu na viti vya wanakwaya, maana mimbara si ya mwanamke. Basi akasimama chini. Alihubiri vizuri, na wamama wengine walilia. Lakini aliporudi nyumbani alikaa jikoni bila kuwasha moto, akijiuliza: ni Mungu aliyeniteremsha pale, au ni watu?

Hakuna aliyemjibu haraka. Tunajua makanisa yetu. Katika Kongo hii kuna jumuiya za Kiprotestanti zinazobariki wanawake kuwa wachungaji, na kuna nyingine ambazo mama anaweza kufagia mimbara kila Siku ya Sita na asikanyage pale kwa neno hata siku moja. Mimi nilikumbuka mwanamke mmoja wa Uingereza aliyekutana na swali hilohilo zaidi ya miaka 160 iliyopita, naye hakulijibu kwa hasira. Alilijibu akiwa na Biblia mkononi na mimba tumboni. Jina lake ni Catherine Booth. Wengi wetu tunalijua jeshi alilolianzisha pamoja na mume wake, maana tunawaona katika miji yetu na nguo zao rasmi, ngoma na bendera: Jeshi la Wokovu, tunaloliita pia Armée du Salut. Yeye mwenyewe hatumjui sana.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1829 katika mji mdogo wa Ashbourne, katikati ya Uingereza. Jina la baba yake lilikuwa Mumford. Baba huyo alitengeneza magari ya farasi, na wakati fulani alihubiri, lakini baadaye alipoa katika imani. Jambo hilo lilimwumiza Catherine miaka mingi, na barua zake za ujana zimejaa maombi kwa ajili yake. Mama yake alikuwa mwanamke mkali wa maombi, aliyeogopa sana marafiki wabaya, hata akamfundisha binti yake nyumbani. Shuleni Catherine alikaa miaka miwili hivi tu. Kabla ya kufika miaka 12 alikuwa ameisoma Biblia yote mara nane. Kisha, alipokuwa na miaka 14, uti wa mgongo ulipinda, akalazwa kitandani miezi mingi. Alilala akisoma: historia ya kanisa, vitabu vya John Wesley, na vya mhubiri wa Marekani Charles Finney. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya Biblia. Wanaume wengi waliobishana naye baadaye walikuwa na digrii, naye alikuwa na kitanda kile.

Kuna habari moja ya utoto wake ambayo wote walioandika maisha yake wanaisimulia. Alikuwa akicheza njiani, akaona polisi anamkokota mlevi kwenda lokapi, na kundi la watu nyuma yao wakimcheka na kumzomea. Mtoto akakimbia, akatembea kando ya mlevi yule mpaka mlangoni, ili asiwe peke yake. Ukimfuata Catherine katika kazi yake yote, utamwona akifanya hivyohivyo tena na tena.

Pombe aliichukia tangu utoto. Alipomkubali William Booth, mhubiri kijana maskini wa Kimetodisti, jambo hilo lilikuwa limeshazungumzwa: mume wake hatakunywa. Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1855, London. Lakini kabla ya ndoa kulikuwa na mazungumzo mengine marefu kwa barua, nayo yalihusu mwanamke. Mchungaji wa kanisa alikosali Catherine, David Thomas, alikuwa amesema katika mahubiri kwamba mwanamke ana akili ndogo kuliko mwanaume. Catherine alikaa, akamwandikia barua ya heshima na ndefu. Alisema kwamba kama wanawake wanaonekana nyuma katika akili, ni kwa sababu hawakufundishwa, si kwa sababu Mungu aliwaumba hivyo. Mfunge mtoto mguu miaka 20, halafu umcheke kwamba hawezi kukimbia! (Mfano huo ni wangu, lakini ndiyo maana yake.) William naye alimwandikia mchumba wake kwamba hatamzuia mwanamke kuhubiri, ila hatamsukuma pia. Hilo si jibu la mtu mwenye moto. Ni jibu la mwanaume anayetaka amani nyumbani. Wamama wengi watalitambua.

Mwaka 1859 Booth alikuwa mchungaji Gateshead, kaskazini ya Uingereza, mji wa makaa ya mawe na viwanda. Walikuwa na watoto watatu, na wa nne yuko njiani. Mwaka ule alifika katika nchi ile mhubiri wa Marekani, mwanamke, jina lake Phoebe Palmer, pamoja na mume wake daktari. Watu walijaa kumsikiliza. Mchungaji mmoja wa mji wa Sunderland, Arthur Rees, akasimama na kumpinga hadharani, kisha akachapisha maneno yake: mwanamke hana ruhusa ya kufundisha kanisani. Catherine aliposoma, moyo uliwaka. Alimngoja mtu mwingine ajibu, na hakuna aliyejibu inavyopasa. Basi akaandika yeye. Kitabu chake chembamba kilitoka Desemba 1859, na Januari 1860 akamzaa Emma.

Sasa tutulie hapa kidogo, kwa sababu kitabu hiki ndicho moyo wa habari yetu. Chukueni Biblia zenu.

Kwanza Catherine alijibu wale waliosema kwamba kuhubiri si jambo la kike, kwamba kunamharibu mwanamke adabu. Alisema watu wanachanganya desturi na maumbile. Kitu ambacho hatujazoea kukiona, tunakiita kinyume cha asili. Kwa nini mwanamke afungiwe jikoni tu, kuliko mwanaume kufungiwa shambani tu? Mungu alimpa mwanamke sauti nzuri, maneno mepesi na moyo unaohisi haraka, vitu ambavyo mhubiri yeyote angevitamani.

Kisha akaingia katika Maandiko. Wapinzani wote walikimbilia 1 Wakorintho 14, mistari ya 34 na 35, ambapo Paulo anawaambia wanawake wanyamaze katika kanisa. Catherine akawarudisha nyuma sura tatu katika barua ileile. Katika 1 Wakorintho 11:5 Paulo anaeleza jinsi mwanamke anavyopaswa kufunika kichwa anapoomba na anapotoa unabii. Hawezi mtu kuagiza namna ya kuvaa kwa kazi aliyoikataza. Ukimwambia msichana wako, “Ukienda kisimani uvae viatu,” hujamkataza kisima. Kwa hiyo, alisema Catherine, kunyamaza kwa sura ya 14 hakuwezi kuwa kunyamaza kwa neno la Mungu. Kulikuwa kunyamazisha maswali na mazungumzo yaliyovuruga ibada ya Korintho, kama vile katika sura ileile Paulo anawanyamazisha pia wanaume wanaonena kwa lugha bila mfasiri. Mbona hakuna anayesema wanaume wanyamaze milele?

Juu ya 1 Timotheo 2:12, alisema andiko lile linakataza kufundisha kwa kunyang'anya mamlaka, mke kumtawala mume wake. Halikatazi kutangaza habari za Yesu kwa wenye dhambi. Juu ya Mwanzo 3:16, alionyesha neno ambalo wengi hatulitazami: kutawaliwa kwa mwanamke kulikuja baada ya dhambi. Katika Mwanzo 1, mume na mke wote wawili wameumbwa kwa mfano wa Mungu na wote wawili wamepewa kuitawala dunia. Tena, hata maneno ya sura ya 3 yanamhusu mke na mume wake. Hayasemi kwamba kila mwanamke yuko chini ya kila mwanaume. Mjane je? Msichana asiyeolewa je? Nani amezuia kinywa chao?

Halafu akawaita mashahidi mmoja mmoja: Debora aliyekuwa mwamuzi wa Israeli, Hulda, ambaye mfalme Yosia alituma wajumbe kwake kuuliza neno la Bwana, Ana wa hekaluni, binti wanne wa Filipo katika Matendo 21:9, Prisila aliyemfundisha Apolo. Akakaa hasa kwa Fibi wa Warumi 16:1. Catherine aliona kwamba neno la Kigiriki Paulo analomwita Fibi ni lilelile analojiita yeye mwenyewe na wenzake katika kazi ya Injili. Katika Biblia ya Kiingereza ya wakati ule, likiwa la mwanaume lilitafsiriwa kwa neno la heshima la mhudumu wa kanisa, na likiwa la Fibi likawa mtumishi tu. Binti aliyesoma miaka miwili shuleni akawakamata wafasiri.

Na juu ya yote akaweka siku ya Pentekoste. Petro anasimama, anamtaja nabii Yoeli, kwamba Roho atamwagwa juu ya wana na binti. Wanawake walikuwamo katika chumba kile cha juu, wakingojea pamoja na wanaume, na ndimi za moto hazikuwaruka. Asubuhi ya ufufuo pia, Bwana alipotaka habari ya kwanza ipelekwe, mitume walikuwa wamejifungia, akawatuma wanawake. Catherine alisema pia neno moja zito: kanisa litatoa hesabu mbele ya Mungu kwa roho zote zilizopotea kwa sababu limefunga vinywa vya nusu ya watu wake.

Mtajua uzito wa hoja hizi mkikumbuka jambo moja. Wametodisti wa kwanza, wakati wa Wesley, walikuwa na wanawake waliohubiri. Lakini mwaka 1803 mkutano wao mkuu uliamua kwamba mwanamke asihubiri, na kama ana mwito wa pekee sana, ahubiri kwa wanawake wenzake tu. Wamama tu! Kumbe lile neno la “ibada ya wamama, na usimame chini” lina babu zake.

Basi Catherine alikuwa ameandika, lakini yeye mwenyewe alikuwa hajahubiri. Hili linanigusa kuliko hoja zote. Alikuwa mwoga sana wa watu. Aliandika kwamba wanawake wana haki, kisha akarudi kukaa kwenye benchi la mke wa mchungaji.

Siku ya Pentekoste ya mwaka 1860, Bethesda Chapel ya Gateshead ilijaa watu zaidi ya 1,000. Catherine alikaa pale mbele pamoja na mtoto wake mkubwa, Bramwell, mwenye miaka minne. William alikuwa anamaliza mahubiri. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kilichompata: alisikia moyoni kwamba lazima aseme, na papo hapo sauti nyingine ikamwambia kwamba hakujitayarisha, ataonekana mjinga, hatakuwa na neno. Alitambua kwamba shetani amejisaliti. Akajijibu kwamba hajawahi kukubali kuwa mjinga kwa ajili ya Kristo, na leo atakuwa. Akainuka, akatembea katikati ya kanisa kwenda mbele. William alidhani amepatwa na ugonjwa, akashuka kumwuliza kuna nini. Akamwambia anataka kusema neno. Mume akashangaa hata akabaki na moja tu la kufanya: akawatangazia watu kwamba mke wake anataka kusema, akaketi.

Hakuhubiri sana asubuhi ile. Aliungama. Aliwaambia watu kwamba wao wamemdhania mwanamke mtakatifu, lakini ameishi katika kutomtii Mungu, akijua anaitwa na kunyamaza. Wengi walilia. William, yule wa “sitamzuia wala sitamsukuma,” akasimama akatangaza kwamba jioni mke wake ndiye atakayehubiri. Jioni watu wakakaa hata madirishani. Alihubiri juu ya kujazwa Roho, Waefeso 5:18. Emma, mtoto wa nne, alikuwa na miezi minne.

Mwaka huohuo William aliugua, akapelekwa mbali kutibiwa. Catherine akashika kazi yake yote: mahubiri ya kanisa kubwa na ya makanisa madogo ya kando, na watoto wakiwa na kifaduro nyumbani. Alimwandikia mama yake kwamba hataweza kutayarisha mahubiri kama hatapata fedha kidogo ya kumpa mtu mwingine kazi ya kushona nguo za watoto. Mama yeyote wa kikundi chetu anayeandaa neno usiku, baada ya vyombo, anaijua barua ile.

Gateshead pia alianza kutembelea nyumba za walevi, peke yake, jioni. Siku moja aliingia chumbani akamkuta mwanamke amelala juu ya matambara. Alikuwa amezaa mapacha, hakuna mtu wa kumhudumia, na chakula kilikuwa kipande cha mkate mkavu na mafuta kidogo. Catherine aliwaogesha watoto wale katika chombo cha jikoni kilichovunjika, maana hakukuwa na kingine. Baadaye alisema kwamba macho ya mama yule, yaliyomshukuru bila maneno, hayakumtoka tena. Ndiyo maana mimi simwoni kama mwanamke aliyepigania mimbara tu. Kwake mimbara na bakuli lile lilikuwa jambo moja.

Mwaka 1865 walihamia London. Yeye alialikwa kuhubiri Rotherhithe, kando ya mto, na William akaanza kazi kati ya maskini wa Whitechapel. Kazi hiyo ikakua, na mwaka 1878 ikapata jina la Jeshi la Wokovu. William akawa Jenerali. Catherine hakuchukua cheo chochote. Watu walimwita Mama wa Jeshi. Lakini alama ya mkono wake ilikuwa katika sheria: tangu miaka ya mwanzo ya kazi yao iliandikwa kwamba mwanamke aweza kushika kazi yoyote na kuwa na sauti sawa katika mikutano. Wasichana waliotoka katika kazi za nyumbani na viwanda walitumwa wawiliwawili kufungua kazi katika miji wasiyoijua, wakipigwa mawe na mayai, wakiongoza wanaume.

Catherine mwenyewe alihubiri sana kwa matajiri wa magharibi ya London. Hakuwabembeleza. Mafundisho yake yalikuwa ya utakatifu: kwamba Kristo hasamehei tu, anasafisha pia, na mtu asiyebadilika maisha asijidanganye kwamba ameamini. Hakupenda imani ya “amini tu, basi.” Aliwauliza matajiri wanawalipaje watu wanaowafanyia kazi. Kwake dini ambayo haimtoki mtu kwenda kumtafuta aliyepotea ilikuwa mfano wa dini tu. Neno lake lilikuwa kushambulia: usingoje mlevi aje kanisani na viatu safi, mfuate.

Katika jambo moja mimi sikubaliani naye, nami nalisema wazi. Mwaka 1883 Jeshi la Wokovu liliacha ubatizo wa maji na Meza ya Bwana, na mawazo ya Catherine yalikuwa na nguvu katika uamuzi huo. Aliogopa watu kutegemea alama ya nje na kukosa kitu chenyewe, na aliogopa divai kwa walevi waliookoka. Hofu zake ninazielewa. Lakini Bwana alisema tufanye kwa ukumbusho wake, na hofu ya divai inajibiwa na maji ya matunda. Wamama wa Jeshi la Wokovu walio kati yetu watanisamehe. Tumeshabishana hili juu ya chai mara nyingi.

Katika vita vya mwaka 1885 nasimama naye kabisa. Wakati ule sheria ya Uingereza ilihesabu msichana wa miaka 13 kuwa anaweza kumkubali mwanaume. Watoto wa maskini waliuzwa kwa nyumba za ukahaba. Josephine Butler, mwanamke mwingine shujaa, alikuwa amepiga kelele miaka mingi. Mwandishi wa gazeti W. T. Stead alichunguza biashara ile akaichapisha, na nchi nzima ikatikisika. Aliyemsaidia ni Rebecca Jarrett, mwanamke aliyewahi kuendesha nyumba ya namna ile kabla ya kuokoka katika Jeshi la Wokovu. Catherine alimwandikia Malkia Victoria, alisema katika mikutano mikubwa, na Jeshi likakusanya sahihi zaidi ya 340,000 kwa siku 17, zikapelekwa Bungeni. Mwaka uleule sheria ikapandisha umri mpaka miaka 16. Stead alifungwa miezi mitatu kwa jinsi alivyofanya uchunguzi, na Bramwell, yule mtoto wa benchi la Gateshead, alishtakiwa pamoja naye akaachiliwa. Sisi Kongo tulipata sheria yetu ya mwaka 2006 juu ya ubakaji, inayomlinda mtoto mpaka miaka 18. Sheria iko, lakini tunajua ni mabinti wangapi wa mitaa yetu ambao habari yao ilimalizwa kwa mbuzi wawili na kreti ya bia kati ya familia.

Catherine alizaa watoto wanane. Tusidanganyane: alikuwa na wasichana wa kumsaidia nyumbani, na hata hivyo mwili wake ulilia. Alikuwa mkali kwa watoto, aliwataka wote kwa kazi ya Mungu, na baada ya kifo chake watatu kati yao waliachana na Jeshi na baba yao kwa uchungu. Sisemi hili kumpunguza. Ninalisema kwa sababu magazeti ya makanisa yana tabia ya kutuchorea wanawake wasiochoka, na msomaji anabaki kujichukia.

Kati ya mabinti, mmoja aliyeitwa Kate alivuka bahari mwaka 1881, akiwa na miaka 22, kuanzisha kazi Ufaransa. Wafaransa walimwita la Maréchale. Uswisi walimtia gerezani kwa kuhubiri. Hiyo njia ya Kifaransa ndiyo iliyotufikia baadaye.

Mwaka 1888 daktari alimwambia Catherine kwamba uvimbe wa titi lake ni kansa, na kwamba amebakiwa na miaka miwili hivi. Aliomba kwa magoti ndani ya gari la farasi akirudi nyumbani, kisha akamwambia mume wake kwamba jambo la kwanza lililomhuzunisha ni kwamba hatakuwapo kumuuguza atakapofika yeye wakati wake. Mahubiri yake ya mwisho yalikuwa Juni mwaka ule, City Temple, London. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1890, katika nyumba kando ya bahari, Clacton. Watu 36,000 walihudhuria ibada ya maziko katika ukumbi wa Olympia. Mwaka uliofuata Jeshi lilifungua London kiwanda cha viberiti kisichotumia fosforasi nyeupe, sumu iliyooza taya za wanawake waliotengeneza viberiti, mateso ambayo yeye alikuwa ameyalia.

Mwaka 1934 mambo mawili yalitokea. Evangeline Booth, mtoto wake wa saba, alichaguliwa kuwa Jenerali, mwanamke wa kwanza kuongoza Jeshi la Wokovu duniani pote. Na mwaka huohuo Henri Becquet na mke wake Paula walifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kuanza kazi katika Kongo. Watu wengi wa Bas-Congo walipoona herufi S juu ya kola za wageni wale walidhani ni S ya Simon, yaani Simon Kimbangu, aliyekuwa amefungwa mbali, Elisabethville. Wakawajaa. Baadaye walitambua, na wengine wakaenda zao. Lakini kazi ilibaki, na shule zake, zahanati zake na Ligue du Foyer ya wamama ziko mpaka leo. Baada ya Evangeline, wanawake wengine wawili wamekuwa Jenerali. Mmoja wao, Eva Burrows wa Australia, alifundisha miaka mingi katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Lakini haki ya Catherine haikuingia kila nyumba ya Jeshi lake lenyewe: kwa muda mrefu sana mke wa ofisa alifanya kazi nusu kwa nusu na mume, na cheo kikahesabiwa kuwa cha mume.

Nilimsomea mama yetu wa daftari habari hizi zote, siyo siku moja. Aliponisikia nikisoma 1 Wakorintho 11:5, alinishika mkono akasema, “Rudia.” Nilirudia mara tatu. Kisha akaniuliza kama Catherine naye aliwahi kuteremshwa chini. Nikamwambia kwamba aliyemfunga miaka yote ile alikuwa yeye mwenyewe, kwenye benchi. Akacheka, akanyamaza.

Kanisa lake limempa tena ibada, ya juma linalofuata Pentekoste. Mzee yule hajasema atasimama wapi, na yeye hajauliza. Ameshachagua andiko, Warumi 16, na siku ya nne ijayo ataleta daftari lake tumsikilize kwanza. Mje na Biblia, na mchango wa likelemba, maana zamu ni ya mama aliyezaa.